Kusahihisha Kazi za Nyumbani Bila Kuua Ari ya Mwanafunzi: Mwongozo kwa Walimu wa Sekondari

Asubuhi moja, kabla kengele ya usafi haijagongwa, niliwakuta wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wameinama chini ya mkwaju ulio nyuma ya darasa, wamelizunguka daftari moja kama watu waliozunguka sinia la ubwabwa. Nilipita bila kusema neno. Jioni, nikisahihisha, nilikutana na swali la 3(x − 4) = 18 ambalo wanafunzi 19 walikuwa wameliandika upya kuwa 3x − 4 = 18, na wote 19 wakapata 7⅓. Jibu sahihi ni 10. Niliwapa sifuri wote, nikawasema vya kutosha, nikaamini nimelimaliza jambo. Wiki iliyofuata walikuwa palepale chini ya mkwaju, ila safari hii walikuwa wamebadilisha daftari: walinakili kwa mwanafunzi anayejua zaidi. Hicho ndicho nilichokuwa nimewafundisha.

Wanafunzi wale hawakuwa wavivu. Mvivu haamki saa kumi na moja, akatembea kilomita kadhaa ili awahi kunakili. Walikuwa wamezielewa vizuri sana kanuni nilizoziweka mwenyewe: kila zoezi lina alama 10, alama 10 zinaingia kwenye rekodi, na hakuna anayeuliza zilipatikanaje. Mwongozo huu unatokana na miaka niliyofundisha Hisabati katika sekondari ya kata hapa Dodoma, na unaeleza namna ya kuzibadilisha kanuni hizo hatua kwa hatua, katika darasa kubwa, kwa mwalimu mwenye vipindi vingi na muda mchache.

Hatua ya kwanza: tenganisha zoezi na kipimo

Kabla hujashika peni nyekundu, amua kila kazi unayoitoa ni ya nini. Ziko kazi za kupima, ambazo mwanafunzi anazifanya mbele yako, kwa muda uliopangwa, bila msaada; hizo zistahili alama na ziingie kwenye rekodi. Na ziko kazi za kujifunzia, ambazo kazi ya nyumbani ni mojawapo. Anayejifunza kusukuma chapati huanza na chapati yenye umbo la ramani, na hakuna mama anayeandika maksi za chapati ile ili aje kuzijumlisha mwisho wa mwaka. Kazi ya nyumbani ni chapati ile ya kwanza. Ukiipa alama ya kudumu, umemwambia mwanafunzi kwamba kukosea kuna gharama, naye atafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya, yaani kulificha kosa lake kwa kunakili.

Sababu ya pili ni ya haki, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Alama ya kazi ya nyumbani hupima nyumba kabla ya kumpima mtoto. Chukua mwanafunzi anayeishi Kisasa, mwenye umeme, meza, na kaka anayesoma chuo kikuu. Kisha mchukue mwenzake wa kijijini Bahi au Chamwino ambaye mwezi wa tisa, visima vikiwa vimepungua maji, hushinda jioni nzima kwenye foleni ya ndoo, na akirudi hukuta taa moja ya sola inayogombaniwa na wadogo zake wanne. Wa kwanza akipata 9 na wa pili akapata 4, tofauti ile ya alama 5 haijakwambia chochote cha uhakika kuhusu milinganyo.

Wapo watakaosema kwamba kazi za kila siku lazima zihesabiwe kwa kuwa mfumo wetu unataka tathmini endelevu. Ni kweli kwamba tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililohusu elimu, kazi za mwanafunzi za mwaka mzima zilipewa nafasi katika matokeo yake, na lengo lilikuwa jema: kuupunguza uzito wa mtihani mmoja wa mwisho. Lakini sisi walimu tumeigeuza tathmini endelevu ikawa maksi endelevu. Kumtathmini mwanafunzi ni kujua amefika wapi na amekwama wapi, na hilo linawezekana bila kuandika namba juu ya kila ukurasa. Rekodi ambayo mwalimu wa taaluma anaihitaji utaipata katika majaribio ya darasani, kama nitakavyoeleza katika hatua ya sita.

Hatua ya pili: toa kazi inayofanyika

Zoezi la maswali 20 ndilo mama wa kunakili. Mimi natoa manne: mawili ya somo la leo, moja la wiki iliyopita, na moja la kufikiri ambalo si lazima kulimaliza. Swali la kwanza tunalianza pamoja dakika 5 kabla ya kipindi kwisha, kwa sababu mwanafunzi aliyekwisha kuandika mistari miwili ya kwanza ana pa kuendelea akifika nyumbani, ilhali aliyenakili maswali matupu ubaoni huenda asikumbuke hata kilichokuwa kinaulizwa. Mara nyingine natoa matano na kuwaambia wachague matatu. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao wamechunguza hamasa kwa miongo kadhaa, wanasema ari ya ndani hustawi pale mtu anapojiona ana uchaguzi, anapojiona anaweza, na anapojiona ana uhusiano na walio karibu naye. Kuchagua matatu kati ya matano ni uchaguzi mdogo, lakini nimeona ukibadilisha namna wanavyolitazama zoezi: wanaanza kubishana lipi ni gumu, na anayebishana kuhusu swali amekwisha kulisoma.

Tazama pia kalenda ya kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na katika miezi hiyo mtoto wa mkulima hupalilia akitoka shule. Kisha hufuata mavuno ya mtama, uwele na alizeti. Kazi ya nyumbani ya Februari haiwezi kuwa sawa na ya Agosti. Ukitaka kujua wana muda kiasi gani, wape karatasi zisizo na majina waandike jana waliingia nyumbani saa ngapi, walifanya nini na walilala saa ngapi. Inachukua dakika 10, na baadhi ya majibu yatakunyima usingizi.

Hatua ya tatu: andika maoni, acha namba

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israel. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, la pili maoni tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndio waliofanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata, na hamu yao ilibaki juu, wawe wa juu au wa chini darasani. Linaloshangaza ni kundi la tatu: kuongeza alama juu ya maoni kuliyafuta manufaa ya maoni, na walioumia zaidi kwa upande wa hamu ni wanafunzi dhaifu. Ukishasahihisha kwa miaka kadhaa hushangai sana. Rudisha madaftari yenye namba, uwatazame: jicho linakwenda kwenye namba, kisha kwenye namba ya jirani, kisha daftari linafungwa. Sentensi uliyoihangaikia usiku haijasomwa.

Ila maoni yenyewe lazima yawe maoni. Neno lililoandikwa mara nyingi kuliko yote katika madaftari ya nchi hii huenda ni «Jitahidi», na sijui mwanafunzi aliyekwama kwenye mabano anatakiwa ajitahidi nini. «Vema» nayo haimwambii kilichokuwa chema. Maoni yanayofaa hutaja mahali, hutaja kilichotokea, na humpa mwanafunzi kitu cha kufanya kwa mkono wake. Kwa swali lile la mkwajuni, sasa naandika hivi: «Mstari wa 2: umezidisha 3 kwa x pekee. Nayo −4 imo ndani ya mabano. Rudia kuanzia hapo, kisha weka jibu lako kwenye swali uone kama unapata 18.» Aliyepatia naye simwachi na tiki tupu: «Umegawanya kwa 3 kwanza badala ya kufungua mabano. Njia hii ni fupi. Je, ingekufaa kama upande wa kulia ungekuwa 20?»

Suala la lugha huulizwa sana. Masomo yetu ya sekondari ni ya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, hivyo istilahi za somo naziacha kama zitakavyoonekana kwenye mtihani. Lakini maelezo ya kosa kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi miezi michache iliyopita nayaandika kwa Kiswahili. Maoni asiyoyaelewa ni wino uliopotea bure.

Hatua ya nne: piga hesabu ya muda wako kabla hujaahidi

Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa, na wana haki. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 70 ana madaftari 210. Kwa dakika 2 tu kila daftari ni dakika 420, yaani saa 7 kwa zoezi moja. Anayesema anasahihisha yote kila siku, ama hasemi kweli ama halali.

Njia ninayoitumia ni hii. Gawa kila mkondo katika safu tatu. Kwa kila zoezi, chukua safu moja tu kwa ajili ya maoni ya kuandika, nyingine zipate zamu zao katika mazoezi yanayofuata, na usitangaze mapema zamu ni ya nani. Madaftari yanayobaki wanafunzi wanayakagua wenyewe darasani kwa penseli, ukiwa umeandika majibu na hatua zake ubaoni. Kazi yao si kujipa alama bali kuzungushia duara mstari ambapo njia yao iliachana na ya ubaoni. Mara za kwanza watadanganya. Wakishaona kwamba duara halipunguzi chochote, wataacha.

Katika madaftari ya safu uliyoichukua, usisahihishe maswali yote manne kwa uzito uleule. Chagua moja lililobeba wazo la siku na ulisome kwa makini. Mengine weka tiki au nukta. Kisha, kabla hujaandika neno lolote, yapange madaftari katika marundo matatu: walioelewa, wenye kosa linalofanana, na wasiojua pa kuanzia. Rundo la pili ndilo dhahabu. Utakuta makosa ya darasa zima ni aina mbili au tatu; yape majina mafupi kama K1, K2 na K3, andika kifupi hicho tu kwenye daftari karibu na mstari wenye kosa, na maelezo kamili uyaandike ubaoni kesho yake mara moja kwa wote. Kwa namna hiyo daftari hukuchukua chini ya dakika 1, na bado mwanafunzi anapata maelezo yanayomhusu. Rundo la tatu usiliandikie kitu. Waite, kaa nao dakika 10 wakati wa mapumziko, kwa sababu asiyejua pa kuanzia hawezi kusaidiwa na maandishi ya pembeni.

Hatua ya tano: lazimisha marudio

Maoni yasiyofanyiwa kazi ni sawa na ujumbe uliotumwa kwenye simu iliyozimwa. Kila unaporudisha madaftari, tenga dakika 10 za mwanzo wa kipindi kwa marudio, bila kufundisha kitu kipya. Kila mmoja anarudia mstari aliowekewa alama, chini ya kazi ileile, bila kufuta ya zamani. Wanafunzi wetu wanapenda mno kufuta. Wanalifuta kosa hadi karatasi inatoboka, kana kwamba kosa ni aibu ya ukoo. Wakataze. Ukurasa wenye kosa na chini yake marekebisho ndio ukurasa bora wa kujisomea wakati wa mtihani.

Hatua ya sita: swali la Ijumaa

Sasa alama. Kila Ijumaa natoa jaribio la dakika 15: maswali mawili au matatu yaliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kazi za nyumbani za wiki, namba zikiwa zimebadilishwa. Lile la 3(x − 4) = 18 linakuja kama 5(x + 2) = 35. Hakuna jipya, na wanafunzi wanalijua hilo tangu Jumatatu. Hili ndilo linaloingia kwenye rekodi, na mimi nahifadhi majaribio yote lakini wastani nauchukua kwa yale sita yaliyo bora kati ya nane, ili siku moja ya homa au ya msiba isimwangushe mtu.

Ni swali la Ijumaa, wala si ukali wangu, lililouvunja mkutano wa mkwajuni. Aliyenakili alikuja Ijumaa mikono mitupu, na baada ya Ijumaa tatu alikuwa ameona mwenyewe kwamba daftari la mwenzake halimfai. Wachache bado wanakutana pale, lakini siku moja nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, «Usinipe jibu, nionyeshe ulivyofungua mabano.» Hapo nikajua nimepata nilichokitaka, nikaenda zangu kunywa chai.

Hatua ya saba: kwa asiyefanya kabisa

Uliza kabla ya kuadhibu, na uliza faraghani. Ukiuliza mbele ya darasa utapata jibu la kuchekesha au kimya. Viboko visitumike hapa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaviruhusu kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, visizidi vinne, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi. Kutofanya maswali manne ya aljebra hakumo humo. Na hata kama kungekuwemo, mtoto aliyechapwa kwa ajili ya Hisabati huanza kuliogopa somo kabla ya kumwogopa mwalimu. Mimi huwapa nafasi ya kufanya swali moja, moja tu, wakati wa mapumziko ya saa nne, karibu na ofisi. Ikitokea mara tatu kwa mwezi, natafuta nyumbani kuna nini.

Kuhusu sifa na zawadi

Hapa nitasema kwa kifupi, ingawa najua linawagusa wengi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo wa chekechea nchini Marekani waliokuwa wanapenda kuchora: walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari yao kama nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Nao Claudia Mueller na Carol Dweck, mwaka 1998, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Sisemi tufute sherehe za kuwapongeza wanaofanya vizuri. Mzazi anayemwona mwanawe akipewa daftari kubwa mbele ya kijiji anafurahi kwa haki. Nasema zawadi isiahidiwe kwa ajili ya zoezi la kila siku, na sifa itaje kitendo: «Umejaribu njia mbili kabla ya kuuliza» badala ya «Wewe ni kichwa.» Ile tabia ya kusoma nafasi za wanafunzi kwa sauti kuanzia wa 1 hadi wa 70, naiomba iishe. Wa 70 anaijua nafasi yake.

Hatua ya nane: wazazi na wathibiti ubora

Usipowaeleza wazazi mapema, watadhani umeacha kazi. Bibi mmoja anayemlea mjukuu wake alinijia shuleni na daftari ndani ya mfuko wa rambo. Nilimwamkia, «Shikamoo bibi,» akaitikia, «Marahaba mwanangu,» kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: «Hili daftari lina maneno mengi mekundu lakini halina maksi. Mtoto anasoma au hasomi?» Nilimwomba mjukuu afungue ukurasa wowote amweleze bibi yake alikosea wapi na akarekebisha vipi. Mtoto akaeleza, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, akichora mabano hewani kwa kidole. Bibi hakuelewa aljebra, lakini alielewa kwamba mjukuu anaelewa. Tangu siku hiyo, katika mkutano wa wazazi, nawaomba wasiulize «Umepata ngapi?» bali waseme «Nionyeshe ulipokosea, unieleze.» Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo kila jioni, na hahitaji umeme.

Kwa mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, andaa mambo matatu: tarehe na saini katika kila daftari ulilolipitia, jedwali la zamu za safu ili aone hakuna mwanafunzi aliyerukwa, na orodha ya alama za Ijumaa. Mkuu wa shule apate maelezo kabla hujaanza. Usianze Januari na Kidato cha Kwanza, ambao bado wanahangaika na lugha mpya ya kufundishiwa. Anza Julai, na mkondo mmoja tu, ili uweze kulinganisha na mingine. Kidato cha Nne wakibakiwa na miezi michache kabla ya mtihani wa Baraza la Mitihani, waongezee majaribio yanayosahihishwa kwa viwango vya Baraza, ambapo A huanzia 75 na C huanzia 45, kwa kuwa wakati huo wana haki ya kujua wanasimama wapi. Kazi zao za nyumbani ziendelee kama kawaida.

Na wanafunzi wako bora ndio watakaolalamika kwanza. Wamezoea kumi kwa kumi na wataidai. Wape lile swali la nne la kufikiri, liwe gumu kweli, uwaachie wiki nzima.